Mayai Kwenye Kiti cha Nyuma

Bawabu wa hoteli ile ya Kisumu alikuja mbio. Nilimwona kwenye kioo, mzee wa makamo mwenye kofia ya bluu, akiacha kiti chake chini ya mwarobaini kabla hata sijazima injini. Hakuja kwangu. Aliupita mlango wangu, akasimama wima kando ya mlango wa nyuma, akaufungua kwa mikono miwili na kuinama kidogo. "Karibu, mheshimiwa."

Ndani mlikuwa na trei sita za mayai, zimefungwa mkanda.

Tulitazamana naye kupitia kile kioo. Akaufunga mlango polepole, kama mtu aliyefungua choo akakuta mwenyewe yumo, kisha akainama kwenye dirisha langu. "Mdosi anakuja na gari ingine?"

Hayo ndiyo maisha na Toyota Crown. Ninalo tangu Novemba 2021, wiki chache kabla Nakuru yetu haijapandishwa kuwa jiji. Ni Royal Saloon ya mwaka 2010, nyeupe ile ya lulu, injini ya lita 2.5 yenye silinda sita. Kutoka bampa hadi bampa ni milimita 4,870. Nililipima mwenyewe kwa futi ya seremala, kwa sababu kibanda cha kwanza cha kuliegesha tulijenga kwa kukisia na mlango ukakataa kufungika.

Kwao Japani, ambako jina Crown limekuwepo tangu 1955, hili ni gari la mkurugenzi anayesoma gazeti nyuma. Ni gari la polisi pia, na gari la teksi, zile teksi zao ambazo mlango wa nyuma hufunguka wenyewe dereva akivuta wenzo. Langu halifungui mlango, lakini kiti cha abiria wa mbele kina swichi begani, upande wa ndani, ili aliyeketi nyuma akisukume mbele akitaka kunyoosha miguu. Yaani waliolichora walifikiria kwanza mtu wa nyuma, dereva wakampa usukani. Na mbele hakuna hata nembo ya kampuni, kuna taji. Hawa watu wana wazimu wa mataji: Corolla ni taji dogo kwa Kilatini, Corona taji, Camry limetokana na neno la Kijapani la taji. Ukoo mzima wa kifalme, na wengi wao wanabeba maziwa na kabichi barabara ya Njoro.

Mimi ni mfugaji wa kuku wa mayai, Kiamunyi, nje kidogo ya mji. Mwanamke mwenye gamubuti nyuma ya usukani wa Crown, watu hawajui wamweke wapi. Wengi huamua ni gari la mzee. Kijana wa kuosha magari aliwahi kuniambia kwa huruma kabisa, "Auntie, mwambie bwana wako hii rangi haitaki sabuni ya unga." Bwana wangu anaendesha baiskeli na anaipenda.

Sikuwa nimepanga. Nilikuwa na Probox, punda wa kila mfanyabiashara huku kwetu, na sina neno baya juu yake. Ila mama alianza kuumwa mgongo. Safari ya Chavakali hadi Nakuru ni zaidi ya kilomita 200, na alikuwa akishuka kama mtu aliyebeba gunia njia nzima. Nikaanza kutafuta gari la kumbeba mama, ndipo nikagundua kwamba Crown ya 2010 ilikuwa ikiuzwa karibu bei moja na vigari vya lita moja na nusu. Watu wanaogopa injini kubwa. Sheria yetu hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, kwa hiyo haya ya 2010 yalishuka Mombasa kabla 2018 haijaanza. Mwenyewe wa kwanza akaringa nalo, petroli ikapanda, akaanza kumtafuta mtu kama mimi.

Kaka yangu alipoliona alilizunguka mara mbili. "Umenunua kisima," akasema. "Lakini hiki si cha kuteka, ni cha kumwagia."

Basi, suala la petroli tulimalize. Ndani ya Nakuru napata kilomita saba kwa lita, siku za foleni sita na nusu. Njia kuu nikitulia ni 11, na kuna siku niligusa 12 nikaipiga picha dashibodi. Tangi linachukua lita 71. Septemba 2023 bei ilipovuka shilingi 200 kwa lita, kulijaza kulitaka zaidi ya shilingi 14,000. Nikabadilisha kwa sarafu yangu, nikapata trei 40 za mayai. Tangu hapo silijazi. Na kila tarehe 14 ya mwezi, EPRA, mamlaka ya serikali inayopanga bei za mafuta, wanapotangaza bei mpya, nakaa kando ya redio kama mtoto anayesubiri matokeo ya mtihani.

Sasa mayai. Hapa naomba nisikilizwe, maana waandishi wa magari hupima ulaini wa gari kwa maneno na mimi napima kwa maganda. Trei moja ni mayai 30. Nikienda nyumbani huwa napitisha mzigo kwa mpishi wa hoteli ile ya Kisumu, tulisoma naye. Kwa Probox, trei 20 zikifika, nilikuwa nahesabu nyufa saba, nane, siku mbaya 15. Sikulilaumu gari, limeshonwa kwa ajili ya mzigo, na deni lilikuwa la barabara. Safari ya kwanza ya Crown nilifika na nyufa mbili. Ya pili, hakuna. Ya tatu, hakuna. Nikadhani macho yangu yamechoka, nikampa mpishi ahesabu yeye.

Fundi wangu alinieleza akiwa amelala chini yake, miguu tu ikionekana. Kila gurudumu lina mikono yake, akasema, moja likiingia shimoni mengine matatu hayapati habari. Halafu kuna ule urefu. Kati ya gurudumu la mbele na la nyuma ni milimita 2,850, na gari refu hupita kishimo kama mtu mrefu anavyovuka mtaro: anatanua hatua, haruki. Mwaka jana mzima nimepasua yai moja tu, na nililipasua mimi. Ilikuwa karibu na Kiboswa, tuta lisilo na rangi wala kibao. Nililiona nikiwa tayari juu yake, nikakanyaga breki mpaka simu ikaruka kutoka kitini na trei ya juu ikagonga mgongo wa kiti changu.

Urefu huohuo ndio adhabu yake. Tumbo la gari liko katikati ya magurudumu, na tumbo refu kwenye tuta la Kenya ni lazima liguse. Ile sauti, krrrr, unaisikia kwenye meno. Kuna tuta moja njia ya kuingia kwetu ambalo nalijua kama ninavyojua jino langu bovu. Nalikata mshazari: gurudumu la kushoto kwanza, nangoja, halafu la kulia, nangoja tena, pole kama mtu anayepanda kitanda chenye mtoto aliyelala. Nyuma yangu boda wanapiga honi. Wapige. Wao hawana tumbo.

Fundi mwingine, si yule wa miguu, alinishawishi kuweka spesa juu ya springi ili gari liinuke inchi moja na nusu. Lilipanda kweli, na kwenye tuta langu likapita bila kuguna. Nikaenda Kisumu nikiimba. Mpishi akahesabu nyufa tisa. Mama, ambaye hakuwa ameambiwa lolote, alishuka akauliza kama nimerudia lile gari la zamani. Spesa zikatolewa wiki iliyofuata. Ziko kwenye banda la kuku. Zimeinua tangi la maji.

Mjini halina raha. Nafasi za kuegesha zilichorwa mtu akifikiria Vitz, na mkia wa langu hubaki nje ukisubiri tuktuk. Siku za shughuli naliacha nyumbani napanda matatu.

Kitu ambacho sikukitarajia ni kimya. Ukifunga milango, Nakuru yote inabaki nje, na vumbi lake, na spika za wahubiri wa kituo cha mabasi. Mama ni mtu wa kanisa la Marafiki, lile lililoanzia Kaimosi mwaka 1902, na wazee wao wanajua kukaa kimya pamoja bila mtu kuona aibu. Siku ya kwanza alipoketi nyuma hakusema neno mpaka Mau Summit. Nikadhani amekasirika. Nilipomuuliza akajibu, "Nilikuwa nasikiliza kama limewaka."

Hatari yake ni kwamba kimya kinadanganya. Kutoka Nakuru unapanda, hewa inabadilika, misonobari inaanza, na gari halikuambii kwamba unapanda. Kurudi ndiko kubaya. Kutoka Mau Summit kuteremka Sachangwan hadi Salgaa, unaona unatembea 80 kumbe ni 110, na mbele kuna foleni ya malori yanayonuka breki. Mteremko ule una historia. Mwisho wa Januari 2009 lori la petroli lilipinduka pale Sachangwan, watu wakakimbilia kuchota, moto ukalipuka na kuua zaidi ya watu 100. Mimi nikifika pale nazima redio, nashusha gia kwa mkono ingawa gari ni otomatiki, nafungua dirisha kidogo ili nisikie upepo. Upepo hausemi uongo. Kipimo cha mwendo cha magari haya kinaishia 180 kwa sababu ndivyo Wajapani walivyokubaliana kuyafunga, na kila kijana anayeingia mle huuliza kama nimewahi kukifikisha mwisho. Nikiwa na mayai?

Nikitaja redio, hiyo nayo ina mambo yake. Redio ya gari la Japani la umri huu inasoma kuanzia 76 hadi 90, na stesheni zetu nyingi ziko juu ya hapo hadi 108. Miezi miwili ya kwanza tulisikiliza stesheni moja na mvumo. Fundi wa redio akaweka kile kidude cha kuongeza masafa, sasa zinashika zote, ila namba ya kwenye skrini haihusiani na namba inayotangazwa. Nimezikariri kama namba za simu za zamani. Ramani nayo imegoma kuhama. Kwenye skrini sisi bado tuko Japani. Siku moja tukipita Ahero, mashamba ya mpunga pande zote mbili, kaka akatazama skrini, akatazama nje, akasema labda gari linajua kitu ambacho sisi hatujui.

Halafu kuna yule dada. Kila ukiwasha injini, sauti ya mwanamke, ya upole mno, inasema kwa Kijapani: ETC kādo ga sōnyū sarete imasen. Mwenye gari la kutoka Japani anaijua hata kama hajui maana yake. Mara ya kwanza mama alipoisikia aliinamisha kichwa, na yule dada alipomaliza, mama akasema, "Amina." Nikanyamaza. Safari iliyofuata tena, Amina. Ikawa desturi: nawasha, dada anasema yake, mama anaitikia, tunaondoka. Mwana wa kaka alikuja kutafsiri kwa simu yake. Yule dada anasema kwamba kadi ya ETC haijaingizwa. Ni kadi ya kulipia barabara zao kuu. Tukatazamana na mtoto, nikamwonyesha kidole mdomoni. Mama yuko kwenye sabini na kitu, amesafiri salama miaka yote hii kwa sala ya kadi, na mimi sioni la kurekebisha. Kusema kweli, mara nikiwa peke yangu asubuhi ya mvua, naitikia pia.

Mvua. Chavakali mvua hupiga hodi saa nane mchana karibu kila siku, na kutoka lami hadi kwa mama ni kama kilomita moja ya udongo mwekundu unaoteremka. Desemba 2022, siku mbili kabla ya Krismasi, nilikuja nimejaza: mama nyuma, unga wa ngano, sare za shule za watoto wa kaka, mayai. Mvua ilikuwa imetangulia. Nilipoingia kwenye mteremko, gari likaanza kwenda upande, taratibu, kwa heshima zake zote, kama mzee anayekataa kukiri amelewa. Mkia ukaegemea ukingo wa mikaratusi. Nikakanyaga mafuta, taa ya kigari kinachoteleza ikawaka kwenye dashibodi, na injini badala ya kunguruma ikanywea. Nikakanyaga zaidi. Ikanywea zaidi. Silinda sita, na nguvu ya blenda.

Kijijini hukwami peke yako. Dakika tano hazikuisha, vijana walikuwa wamejaa. Mtoto mmoja alisoma maandishi ya nyuma kwa sauti, "Royal Sa-lo-on," akamuuliza mwenzake kama humo ndani wanasuka nywele. Mzee jirani, mtu wa kabila la Wanga kutoka Mumias aliyeoa kwetu, akasema kiti cha Nabongo, mfalme wao, hakiburutwi matopeni, kinabebwa, basi tulibebe. Wakacheka, wakasukuma. Magurudumu ya nyuma yakawapaka matope hadi nyusi, gari likasogea kiasi cha kiganja na kurudi. Mama akashusha kioo akatoa maagizo kwa Kilogoli ambayo hayakusaidia.

Aliyetuokoa alikuwa kijana wa boda ambaye hakuwa amesukuma. Alikuwa amechuchumaa tu, anatazama gurudumu. "Madam, hii gari inajinyima," akaniambia. "Ikisikia inateleza inakata nguvu yenyewe. Iko na swichi, tafuta yenye picha ya gari inateleza." Nikaitafuta, nikaibonyeza nikaishikilia, taa ikabadilika. Akaendelea, bila haraka, "Halafu hii inasukuma na nyuma, na nyuma hakuna kitu. Injini yote iko mbele. Mnasukuma gari nyepesi." Akamwambia mmoja akalete gunia la mahindi kwa kaka yangu. Yakaja mawili. Yakaingia kwenye buti, na juu yake wakaketi vijana watatu, miguu nje, buti wazi, wakishikana mashati. Mtu wa nne alitaka kupanda, akaambiwa tuna mayai.

"Sasa gusa kidogo tu. Kama unapapasa yai," akasema, na sidhani alijua anaongea na nani.

Niligusa kidogo tu. Gari likatetemeka, tairi zikatafuta, zikashika. Tuliteremka mteremko wote hivyo, kama msafara wa harusi ya maskini, wale watatu kwenye buti wakipiga mbinja, mama akipunga mkono. Uani nikahesabu: nyufa sifuri. Vijana walitaka malipo ya kiwango cha gari walilosukuma, siyo cha mtu aliyeliendesha. Tukavutana, tukaishia kwenye trei mbili na soda.

Siku hizi mvua ikiwa imenyesha naliacha kwa jamaa mwenye duka karibu na lami. Mama anashuka kwenye Crown, anapanda boda hadi nyumbani. Na juu ya boda, kilomita nzima ya mashimo, halalamiki mgongo hata kidogo. Nimeamua kutouliza.

Kuhusu kijiji sitasema mengi. Kila anayeliona gari hili anahesabu pesa ambazo sina. Kadi za harambee zimeongezeka tangu 2021, na jina langu linatangulizwa siku hizi, juu kabisa, pale walipokuwa wakiandika walimu wakuu. Nimejaribu kueleza kwamba gari ni la zamani, kwamba jirani yangu mwenye kigari kidogo amelipa zaidi. Hakuna anayetaka habari hizo. Gereji nazo ni hivyohivyo. Fundi asiyenijua hutazama taji kwanza, ndipo anataja bei ya plagi, na plagi ni sita. Nilijifunza kwenda kuuliza bei kwa miguu.

Mwezi wa nane uliopita niliteleza bandani, kifundo cha mguu wa kulia kikavimba kama embe. Mama alikuwa kwangu, siku ya kurudi Chavakali imefika, na mayai ya Kisumu yanasubiri. Kaka akasema ataendesha yeye. Mguu ulitakiwa kunyooshwa, kwa hiyo nikapewa kiti cha nyuma, trei zikiwa kando yangu, na mama akakaa mbele. Miaka yote hiyo na sikuwa nimewahi kukaa nyuma ya gari langu mwenyewe hata dakika moja.

Kuna baridi ya kufaa inayotoka katikati, kwenye tundu ambalo nilikuwa nalipangusa vumbi tu. Kuna pahali pa mkono panaposhuka, na ndani yake nikakuta duka zima la mama: maganda ya peremende yaliyokunjwa kama barua, njugu kwenye karatasi ya daftari, kipande cha leso, na ufunguo wa stoo ya chakula cha kuku nilioutafuta hadi nikabadilisha kufuli. Nikabonyeza ile swichi ya begani. Kiti cha mbele kikaanza kwenda mbele na mama akiwa juu yake. "Nani ananisukuma?" akauliza. Nikakirudisha.

Salgaa palikuwa na askari wa barabarani. Alimtazama kaka, akamtazama mama, kisha akainama kidogo akachungulia nyuma. Pale alikuta mtu, mguu juu ya mto, mkono juu ya mayai. Akagusa kofia yake. Nami, Mungu anisamehe, nikaitikia kwa kichwa vile nilivyoona wakubwa wakifanya.

Baada ya Londiani sikumbuki. Nililala usingizi wa mtoto, bila ndoto, na barabara ikipita chini kama maji. Nilichoamkia ni mlio wa kucha kwenye kioo. Tulikuwa tumesimama Kericho, kaka ameenda kununua mahindi ya kuchoma, na mama alikuwa nje ya mlango wangu, shali begani, mkoba mkononi.

"Tubadilishane," akasema.

"Mama, mguu."

"Na mimi nina mgongo. Huko mbele jua linanichoma macho, na malori yanakuja kana kwamba yananijia mimi."

Nikamwambia mayai yatabanana. Akasema yeye na mayai wanajuana. Kaka akarudi na mahindi, akatutazama, akaona mambo hayamhusu, akaingia kwenye usukani na kuwasha injini. Yule dada akasema yake. Mama, akiwa bado amesimama nje, mkono umeshika kitasa cha mlango wangu, akafumba macho akasema, "Amina."